Kuvu Katika Fungu la Ungo

Nyinyi vijana mnaouza viungo kwa simu, hebu nisikizeni. Sina ugomvi na paketi zenu, zapendeza. Juzi mjukuu wangu alinionyesha moja, pilipili ya kusaga, imeandikwa jina kwa wino wa dhahabu. Nikamwambia fungua ninuse. Akasema, "Bibi, ikifunguliwa haiuziki tena." Basi nikamwambia usiniulize kama ni nzuri. Pilipili ikishasagwa, hata aliyeisaga haijui, sembuse mimi niliyeletewa na utepe juu.

Jina langu Saumu. Hapa mtaani kwetu Kuze waniita Bi Saumu wa Ungo, kwa sababu miaka zaidi ya thelathini nimekaa mkekani katika godauni moja nyuma ya Ndia Kuu nikichambua viungo. Lori likitoka bandarini Kilindini haliwezi kuingia vichochoro vyetu, kwa hivyo magunia yaliletwa kwa mkokoteni, mahamali wakipiga kelele watu wapishe ndia. Ndani tulikuwa wanawake kumi na wawili, kila mmoja na ungo wake. Pilipili kavu, pilipili manga, tangawizi, kungumanga, manjano, vyote vilipita mikononi mwetu. Tulitoa mawe, vijiti, mavi ya panya (nisameheni, ndiyo kazi) na kila kilichooza. Kizuri kilirudi guniani, kibaya kilibaki kwenye ungo. Hicho kilichobaki kwenye ungo ndicho nitakachowaeleza, lakini tutafika polepole.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Kibibi. Mwembamba, mkali, tambuu haimtoki shavuni. Wiki yangu ya kwanza alinipa gunia la pilipili kavu nizitoe vikonyo. Mwalijua vumbi la pilipili? Nilipiga chafya mpaka mtandio ukaniponyoka, wenzangu wanacheka tu. Nikajiona mjanja. Nikachota maji, nikazinyunyizia pilipili zangu, zikalainika. Vumbi likatulia, vikonyo vikatoka bila ganda kuvunjika, nikamaliza kabla ya watu wote. Nikazirundika pembeni, nikazifunika turubai, nikaenda zangu nyumbani naringa. Ilikuwa Jumamosi.

Jumatatu asubuhi Bi Kibibi akafunua lile turubai. Mvuke ukampiga usoni. Akatia mkono ndani ya rundo, akautoa upesi kama mtu aliyeungua, maana ndani mlikuwa na joto kweli kweli. Pilipili zimefanya utandu mweupe, na kwengine kijani.

"Saumu!" akaita. "Hebu njoo uwatazame wanao uliowazaa."

Nikaja mbio.

"Nani alikwambia pilipili kavu yaogeshwa? Mato yako yawapi, mwanangu? Wataka tajiri atufukuze sote?"

Siku ile alinikalisha karibu naye, na miaka mingi sikutoka hapo. Alinifundisha kutikisa pilipili karibu na sikio, mbegu zilie ndani, isiyolia haijakauka. Tangawizi ivunje: ikikatika kwa sauti, sawa, ikipinda, irudishe kwa mwenyewe. Kungumanga usiitazame ngozi, ikate katikati, kwa sababu uozo wake hukaa moyoni. Pilipili manga ipepete kwa upole, yale mapepe mepesi yasiyo na kitu ndani yataruka yenyewe. Na gunia usilipime kwa kiganja cha juu. Wauzaji nao wana akili, juu huweka za kuoa na chini huweka za kuacha.

Pua nayo nikaipata. Nasema hivi bila haya: gunia likifunguliwa mlangoni, mimi niliye mwisho wa mkeka nikisema hili limelowa chini, likimwagwa walikuta limelowa. Bwana Twalib, tajiri wetu mwenye godauni, alikuwa akiniita mbele ya wageni ninuse, nami nikinusa kwa madaha. Laiti ningejua pua yangu haikuwa ikiniambia hata nusu ya habari.

Maana mafunzo ya Bi Kibibi yalikuwa na tundu moja, na tundu hilo alilirithi kwa waliomtangulia. Aliamini jua na moto husafisha kila kitu. Pilipili ikiota kuvu, waipangusa kwa kitambaa, waianika darini, waipitishia mafuta kidogo kiganjani, ikang'aa. Iliyozidi waikaanga. "Kuvu ni uchafu kama uchafu mwengine," alikuwa akisema. "Ukishautoa umetoka." Mimi niliamini, mama yangu aliamini, na nina hakika na mama zenu majumbani waamini mpaka hivi leo.

Sasa nije kwenye fungu la ungo. Kila Jumamosi mchana, kabla ya godauni kufungwa, Bwana Twalib alituachia kile kilichobaki kwenye nyungo zetu. Vipande vilivyovunjika, zilizopauka rangi, mapepe, zenye madoa, zilizoota utandu kidogo. Tuligawana kwa kibaba, kila mtu na kopo lake. Hilo ndilo tuliloliita fungu la ungo. Na msidhani tuliona aibu! Lilikuwa haki yetu, tena ya kujivunia. Tulilipeleka nyumbani, tukalichagua tena, tukalianika, tukalikaanga, tukalitwanga. Harufu yake ikipita kichochoroni, watu waliuliza nani anapika. Tulikuwa tukijitapa kwamba mke wa tajiri hali bizari kama yetu.

Kumbe kweli hali.

Mtaani mtu akijifungua, wa kwanza kubisha hodi alikuwa mmoja wetu, na pilipili manga ndani ya karatasi. Mwajua mzazi wetu siku arubaini hakosi uji wa pilipili manga, wa kumpa joto na kumrudishia nguvu. Nimepeleka mimi, kwa mikono hii. Nyumba ngapi sijui, na sasa ni kheri nisijue.

Basi Bwana Twalib akapata mnunuzi wa ng'ambo, na huyo mnunuzi hakutaka maneno matamu, alitaka cheti kwamba pilipili na pilipili manga zimepimwa kwenye maabara. Akaja msichana wa kupima, jina lake Kadzo, Mgiriama, mpole, amevaa glavu na kujifunika pua. Mkononi ana kile chuma kirefu chenye uwazi cha kudunga gunia, tulichokiita bambo.

"Huyu amekuja kupima viungo au kupasua mtu?" Bi Kibibi akasema.

Kadzo akacheka, akaamkia watu wote mmoja mmoja, nikampenda hapo hapo. Akadunga magunia juu, kati na chini. Akatueleza kwamba kuvu hailali guniani kwa usawa, yaweza kuwa pembe moja tu na pengine pote hamna kitu, kwa hivyo anayechota kiganja kimoja hajapima, amebahatisha. Nikaona huyu ajua kazi. Akapita mkekani pangu, akaona kopo langu.

"Na hili, Bi Saumu?"

"Hilo letu."

"La kuuza?"

"La kula, mwanangu! Wewe waliona ni baya?"

Alilitazama kidogo, akaomba achukue mle kiasi. Nikamjazia mfuko. Nikamwambia, "Kapike. Ukishaonja utarudi na mama yako." Wenzangu wakacheka mpaka Bwana Twalib akatoa kichwa afisini kutazama kuna nini.

Siku zikapita. Jumatatu moja Bwana Twalib akaingia na karatasi mkononi, uso wote meno. "Tumepita! Magunia yote yamepita! Mikono yenu hii, wallahi, mikono yenu hii!" Akaagiza halua na kahawa ya tangawizi, watu wakapiga vigelegele. Nami nikaangaliwa, maana mwenye pua ni mimi. Nikawa najitia kutikisa kichwa, ati si kitu, huku moyoni nimevimba.

Kadzo alikuwa amesimama mlangoni. Hakula halua. Akaniita kwa mkono.

"Bi Saumu, lile kopo lako."

"Ehe. Umerudi na mama?"

"Lina sumu."

Nikafikiri ni sumu ya panya. Nikaanza kumtaja hamali aliyekuwa akiweka mitego. Akatikisa kichwa.

"Sumu ya kuvu, Bi. Ule ukungu huacha sumu ndani ya pilipili, wapimaji twaiita aflatoksini. Haina harufu, haina ladha, macho hayaioni. Ya kwenye kopo lako imezidi sana. Nilipima mara ya pili nikidhani nimekosea mimi."

"Sisi twapangusa. Twaanika. Twakaanga."

"Kuvu yafa kwa moto. Sumu yenyewe haitoki kwa moto wa jikoni."

"Yafanya nini?"

"Mtu akila kidogo kidogo miaka, humharibu ini, na yaweza kumletea saratani. Watoto wadogo huwarudisha nyuma, hawakui vizuri."

Nikamuuliza kwa hasira, kama kwamba yeye ndiye aliyeitia, "Na mbona magunia ya tajiri yamepita? Si gunia lile lile?"

Kadzo akanitazama kwa huruma. Akasema, "Yamepita kwa sababu nyinyi mwachambua vizuri. Zile mbaya mmezitoa guniani mkaziweka koponi."

Fikirini, wanangu. Kila nilipokuwa hodari zaidi, ndivyo gunia la tajiri lilivyozidi kuwa safi na ndivyo kopo langu lilivyozidi kuwa chafu. Tulikuwa tukiitoa sumu kwenye chakula cha watu wa ng'ambo, watu tusiowajua, tukaipeleka jikoni kwetu na kuikaribisha kwa vigelegele. Halua ilikuwa bado mkononi mwangu, nikaitupa.

Nilitoka mbio. Mtu mzima mimi, buibui nimelishika mkononi, nikakata Ndia Kuu bila kumsalimu mtu, nikaingia Kuze. Nyumbani mwanangu Zuhura alikuwa na siku ishirini tangu ajifungue mtoto wake wa kwanza. Nikamkuta kitandani, mtoto ubavuni, bakuli la uji mkononi, amebakisha funda mbili tatu. Nikampokonya.

"Mama! Una nini?"

"Uji umeingia mende."

"Mende gani? Nimeunywa karibu wote!"

Nikaumwaga. Nikamwaga sufuria. Nikamwaga makopo yote matatu yaliyokuwa rafuni, la uji, la mchuzi, la achari, nikayaosha, kisha nikaona hata makopo siyataki, nikayapondaponda kwa mchi. Zuhura akamwita mama mkwe wake aje anitazame kama nimeingiwa na shetani. Mpaka leo, Alhamdulillahi, yeye na mtoto wazima, na yule mtoto ndiye huyu wa paketi za wino wa dhahabu.

Sasa nawaambia la aibu, na nalisema kama lilivyo. Jumanne nilikwenda kazini, nikakaa mkekani, sikusema neno. Jumatano vilevile. Nyumbani kwangu nimeshasafisha, na wenzangu kumi na mmoja bado wala lile fungu. Nilijiambia natafuta maneno mazuri. Uongo! Niliogopa. Niliogopa Bwana Twalib ataona nimemchafulia cheti chake. Niliogopa wenzangu watasema Saumu ndiye aliyempa Kadzo kopo, Saumu ndiye aliyetuponza. Na niliogopa, haya nayo niyaseme, kwamba mwenye pua atajulikana kuwa pua yake haikunusa kitu. Kadzo alikuwa ameniamini nitawaambia mimi, kwa kuwa mimi ni mwenzao na watanisikiza. Akaenda zake akiamini nitasema.

Alhamisi mwenzangu mmoja akaniinamia. "Bi Saumu, pilipili manga yako imebaki? Jirani yangu amejifungua usiku wa kuamkia leo, nataka nimpelekee ya uji."

Hapo nikasimama. Nikauweka ungo chini, nikawaambia yote. Sumu, kopo, ini, watoto, moto usiosaidia kitu. Kukawa soko.

"Miaka hamsini nala fungu la ungo," Bi Kibibi akasema. "Nimekufa?"

Wakacheka, nami nikawaacha wacheke. Nikasema, "Bi Kibibi, wewe hukufa, na nakuombea uhai. Lakini mimi sitii tena kitu hiki kinywani mwa mtoto, na nyinyi sitawaacha mtie nikiwaona."

"Sasa tule nini?" mwengine akauliza, karibu kulia. "Bizari ya dukani mimi naiweza?"

Lilikuwa swali la haki. Nikalipeleka kwa Bwana Twalib, na wenzangu wote nyuma yangu.

"Basi msilichukue," akasema. "Mimi nimewalazimisha?"

"Hukutulazimisha, Bwana Twalib. Lakini ulipotuajiri ulituambia ujira ni huu na fungu la ungo juu yake. Fungu limekuwa sumu. Tupe kibaba cha zilizo safi kila Jumamosi, na hizi mbaya ziteketezwe zisimfikie mtu."

"Zilizo safi? Za mnunuzi wangu?"

"Nani aliyezisafisha?"

Akakataa. Jumamosi tulikuja kama kawaida, tukasalimu kwa adabu zote, tukakaa mkekani, tukazigeuza nyungo kifudifudi, tukakunja mikono. Gunia halikuguswa. Bwana Twalib akapita, akarudi, akapita tena. Jumatatu akaleta wanawake wengine wawili, wakachambua mpaka adhuhuri. Nikainama nikaokota kungumanga moja kwenye zile walizoziita safi, nikaikata, nikamwonyesha moyo wake mweusi. Akakasirika, akachukua ungo mwenyewe, akapepeta. Lo! Pilipili zilimrukia ndevuni, kanzu nyeupe ikawa nyekundu, macho yakawa yanatiririka. Nikampelekea maji ya kunawa. Hakuna aliyemcheka mbele yake. Shehena ilikuwa yangoja kwenda Kilindini, na alijua. Kibaba tukakipata, na hakijapungua mpaka nilipostaafu.

Ile ya kuteketeza ndiyo tuliyokosea vibaya. Tulikuwa na magunia mawili ya pilipili mbovu, tukasema tuzichome uani. Kumi na wawili tuliozaliwa na kukulia ndani ya pilipili, hata mmoja hakufikiri moshi wake utakwenda wapi! Toba! Ulipanda, ukageuka na upepo, ukaingia Ndia Kuu. Mafundi wakatoka madukani wanakohoa, watalii wakakimbia wakidhani ni mabomu ya machozi, polisi wawili wakaja kutushika nao wanalia. Mwalimu wa chuo cha Kurani cha jirani alisimama mlangoni na leso puani, ataka kutulaani na kila akifungua mdomo apiga chafya. Tuliomba radhi nyumba kwa nyumba. Tangu hapo tukawa twazimwagia mafuta ya taa, asije mtu akaziokota akazipika, kisha zaenda shimoni. Na nyinyi fanyeni hivyo. Kibovu msikitupe kikiwa bado chatamanika.

Leo kazi yenu ni nyepesi kuliko yetu. Kuna vile vidude vya kupima unyevu, mwadunga tu na namba yatoka. Vinunueni kabla ya wino wa dhahabu. Magunia yaweke juu ya mbao, usiyaegemeze ukutani, kwa sababu kuta zetu hizi za mawe hunyonya unyevu na masika yakija huutoa. Usifunge kwenye plastiki kitu ambacho bado kina joto la jua, kitatoka jasho humo. Anika juu ya kichaga, si chini. Akija mtu kukuuzia pilipili inayong'aa sana, pangusa moja kwa karatasi nyeupe uone mafuta. Na kuna wa kukushauri uzichanganye mbovu kidogo na nzuri nyingi, ati zitapotea. Mtoe nje. Mimi niliwatoa wengi, mmoja alikuwa shemeji yangu.

Bi Kibibi aliishi miaka kadha baada ya hayo, akafa mzee, na kabla ya kufa aliumwa tumbo. Watu waliniuliza kama ni fungu la ungo. Sijui. Daktari hakusema, nami sitasema nisilolijua. Alikuja kukubali kibaba cha zilizo safi, akawa mkali wa kuzimwagia mafuta ya taa kuliko mimi.

Lakini kuna jambo nimeliruka. Nirudi nyuma kwenye Alhamisi ile, jioni, wenzetu wametoka na kelele zao. Bi Kibibi hakuinuka. Kile kicheko cha mchana kilikuwa kimemtoka.

"Saumu. Yule msichana alikwambia lini?"

Ningeweza kumdanganya. Hakuna aliyejua ila Kadzo.

"Jumatatu," nikasema.

Akahesabu kwa vidole, taratibu, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Mimi nimeinamisha uso.

"Jumanne nalimpelekea Mwanajuma kopo zima," akasema.

Mwanajuma ni bintiye. Alikuwa akikaanga kachiri za muhogo na viazi mlangoni kwake, hapa hapa Kuze, na wanunuzi wake walikuwa watoto wa chuo, wale wadogo wa juzuu, wakitoka kusoma na vishilingi vyao. Kachiri haziliwi bila pilipili, na pilipili yake ilisifika mtaa mzima.

"Niwie radhi, Bi."

"Radhi nitakupa siku nyengine. Inuka wende kwa Mwanajuma sasa hivi. Na umwambie siku. Usimwambie umejua leo."

Nikaenda. Mwanajuma alikuwa amekaa mbele ya karai, ameniona kwa mbali, uso wake ukafurahi. "Karibu, Bi Saumu! Kaa upande huu, moshi usikuumize. Mama hajambo?" Nikamwambia hajambo. Sikukaa. Nikamwambia kopo lina nini na lafanya nini kwa watoto, nikamwambia nilijua tangu Jumatatu.

"Jumatatu?"

"Jumatatu, mwanangu."

Hakunitukana. Alijifuta mikono kwenye leso, akaingia ndani, akatoka na lile kopo. Akalipindua juu ya kiganja, akaligonga kitako mara mbili. Hakikutoka kitu.

"Limekwisha jana," akasema. "Watoto walisema hii ya safari hii ni tamu, wakataka niwaongezee."